Sauti Inayochelewa Kuingia

Tlawi, alasiri, kesho unasafiri

Mwanangu Resti,

Umekwenda Tumati kumuaga shangazi yako, na shangazi yako ninamjua: hatakuachia mpaka ule mara mbili na ubebeshwe kuku. Kwa hiyo nina muda. Nimekaa kwenye benchi la jikoni, vitunguu saumu nimevisukuma pembeni, na bibi yako yuko hapa mlangoni anaota jua dogo lililobaki kabla ukungu haujashuka. Ameniuliza ninaandika nini. Nikamwambia ninamwandikia Resti barua. Akasema si Resti atarudi jioni, kwa nini nisingoje nimwambie kwa mdomo. Mdomo wangu unaujua, mwepesi wa kukosoa na mzito kwa mengine yote.

Sitakuandikia habari ya sweta, wala ya simu kwenye basi, wala ya kutopokea chakula cha mtu usiyemjua. Hayo baba yako amekukumbusha mpaka sweta lenyewe limechoka. Mimi nina jambo moja tu, nalo ni lile swali uliloniuliza Jumapili tukiwa tunamenya vitunguu. Ulisema, "Mama, mimi nikiimba, unamsikia nani?" Nikainuka kwenda kuangalia sufuria. Sufuria yenyewe haikuwa hata motoni, na wewe uliona, ukaendelea kumenya. Tangu siku hiyo hujauliza tena, na mimi tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Ijumaa utasimama mbele ya walimu wa chuo kule pwani uimbe wimbo mmoja, peke yako, bila kwaya ya kukufunika. Wakikupenda utabaki, wasipokupenda utarudi. Jana nilikusikia nyuma ya zizi ukijifunza. Uliweka biti ya kinanda kwenye simu, ukawa unaingia pale pale biti inapokuita, unatoka pale pale inapokufukuza. Hukukosea hata mahali pamoja. Mimi nilisimama na ndoo yangu nikaogopa, kwa sababu sauti ile haikuwa yako. Ilikuwa yangu. Ni mimi niliyeiweka mle ndani kwa miaka yote, kwa kugonga meza, na sasa unataka kwenda nayo mbele ya watu ili unifurahishe mimi ambaye hata sitakuwepo.

Ngoja nianze na yule mama wa Japani, maana yeye ndiye aliyeleta ugomvi nyumbani.

Sauti yake iliingia hapa kwa mkono wa Mwalimu Keiko. Utakumbuka, wewe ulikuwa bado shule ya msingi, na Mwalimu Keiko alikuwa anafundisha hesabu pale sekondari na amepanga chumba chetu cha pembeni. Jumamosi alikuwa anafua bombani na kispika chake amekiweka juu ya jiwe, na wewe ukawa unakwenda kumsaidia kuanika. Mimi nilidhani unapenda kufua. Nikamwambia baba yako kwamba binti yetu amekuwa mchapakazi. Kumbe mwenzangu ulikuwa umefuata muziki.

Mara ya kwanza kumsikia yule mwimbaji nilidhani spika imeharibika. Vyombo vilianza vizuri, kinanda cha kanisani kabisa, kila kitu kiko tayari, na yeye hayupo. Nikangoja. Mahali pa kuingia pakapita. Nilipokuwa nimekata tamaa na kurudi kwenye kazi zangu, ndipo akaingia, chini sana, kwa sauti yenye mkwaruzo kama ya mtu aliyetoka kulia jana yake. Na pumzi yake ilikuwa inasikika. Sisi kwenye kwaya tunaficha pumzi kama tunavyoficha viraka. Yeye aliiacha wazi, ukasikia hewa inaingia, ukajua neno linakuja, na neno likachelewa. Halikuanza mahali pake. Lilianza chini kidogo, likapanda taratibu mpaka likafika, na lilipofika halikukaa, lilitetemeka kidogo likaachia.

Kilichoniudhi zaidi ni kule mwisho. Pale ambapo sisi tungeinua mikono na kupaza, yeye alipungua. Vyombo vikakua, yeye akawa mdogo, akapanda kwenye ile sauti nyembamba ya juu mpaka ikapasuka kidogo, na akauacha ule mpasuko ndani ya wimbo. Nikamwuliza Mwalimu Keiko kama huyu mama ni mgonjwa. Akacheka ameziba mdomo kwa mkono, akasema hapana, huko kwao watu wanalia wakimsikia. Nikasema hata hapa tutalia, ila kwa sababu nyingine.

Nikauliza anaimba nini. Mwalimu Keiko alifikiri sana, akasema wimbo unahusu mwanamke anayekunja nguo za mtu aliyeondoka, na hajui azitie sandukuni au aziache kwenye kiti. Nikangoja aendelee. Akasema ndiyo hiyo, imeisha. Wimbo mzima nguo! Kwa muda huo kwaya yangu ingekuwa imemwingiza Nuhu kwenye safina, imemaliza gharika na kuweka upinde wa mvua mawinguni. Nilicheka mpaka jirani akachungulia uani.

Leo asubuhi nimekunja nguo zako. Lile gauni la bluu ambalo hulichukui nimelishika muda mrefu bila kujua niliweke wapi. Sasa liko kwenye kiti.

Wewe hukucheka. Wewe ulikuwa unamsikiliza kama mtu anayesikiliza habari za kwao. Mwalimu Keiko alipoondoka akakuachia zile nyimbo, ukawa unazipiga kwenye simu ya baba yako, na hukuwa unajua neno hata moja la Kijapani lakini uliyatamka yote. Ulinieleza mwenyewe kwamba maneno yao yanaishia kwa kufungua mdomo, kama ya kwetu ya Kiswahili, kwa hiyo ukiyatoa na kuweka ya kwetu yanakaa bila kubanana. Ukaniimbia ubeti wa wimbo wetu wa matoleo kwa namna ile. Niseme ukweli, nywele zilinisimama. Na nilichokwambia ni kwamba wimbo wa matoleo si wa kubembeleza, watu watasahau kwenda mbele na sadaka.

Basi ukaingia kwenye kwaya yangu na sauti hiyo, na mimi nikaishughulikia. Mwiko wangu wa ugali unaujua, ule ninaougonga mezani watu waingie pamoja. Kila ulipochelewa niligonga. Haraka haraka haina baraka tunaisema kila siku, na hapo hapo ninagonga meza watu wakimbie. Wanakwaya wakaanza kusema Resti anaimba Kichina. Wengine walisema kwa mapenzi, wengine kwa wivu, na mimi niliwaacha waseme, maana nilidhani kuchekwa kutakunyoosha. Hilo nililidhani kwa sababu lilikuwa limeninyoosha mimi. Nitakufikisha hapo.

Kwanza tuimalize ile siku ya Arusha, ambayo hatujaizungumza tangu itokee.

Tulikwenda kurekodi, kwaya nzima, tumevaa sare tangu asubuhi kana kwamba spika zina macho. Ubeti wa pili ulikuwa wako. Ukaingia kile chumba cha kioo, ukavaa vile vya masikioni, fundi mitambo akaachia biti, na wewe ukachelewa. Akasimamisha. Akakwambia, "Dada, ingia kwenye biti." Ukaingia, ukachelewa tena, safari hii kidogo tu, lakini biti ya mashine haijui kidogo. Mle ukumbini wenzako walikuwa na njaa, saa zetu zilikuwa zinakwisha, na yule fundi akawa ananitazama mimi. Nikakutazama kupitia kile kioo. Ulikuwa umefumba macho. Ulikuwa unaimba vizuri kuliko mtu yeyote niliyewahi kumfundisha, na mimi nikagonga kioo kwa kidole, nikakuita utoke, nikamwingiza mwenzako Theodora.

Theodora aliimba sawasawa, mara moja, tukamaliza. Lakini picha ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Siku ya kupiga video, kule kwenye bustani ya maua, nilikuweka wewe mbele kwa sababu watu walikuwa wanakujua kama mwimbishaji, na Theodora nikampeleka mstari wa nyuma. Ukatikisa midomo juu ya sauti ya mwenzako. Mpaka leo video hiyo inazunguka kwenye simu, na watu wa Mbulu mjini wanakusimamisha sokoni wakusifu kwa ubeti ule, na wewe unasema asante kwa sauti ndogo. Niliwaonea wasichana wawili kwa siku moja. Mmoja nilimnyang'anya sauti, mwingine nilimnyang'anya sura.

Njiani kurudi hukulia. Uliegemea dirisha tangu Makuyuni mpaka tunapanda milima. Na Jumamosi iliyofuata, kwenye mazoezi, ukaingia kwa wakati. Na iliyofuata. Nikafurahi, Resti. Nilimwambia baba yako kwamba sasa umekua. Yeye alitoka kwenda kuangalia ng'ombe, na wewe unajua baba yako akienda kuangalia ng'ombe ambao amekwisha kuwaangalia ni kwamba hajakubali.

Sasa nikueleze mimi nilichekwa wapi.

Unajua kwamba nimezaliwa kule chini, upande wa Hanang, kwenye boma la watu wa ng'ombe. Kanisa tuliliona kwa mbali. Nyimbo nilizozijua zilikuwa za mama yangu, huyu bibi yako, na nyingi alikuwa anaziimba akikamua. Kulikuwa na ng'ombe mmoja aliyefiwa na ndama. Ng'ombe wa namna hiyo anafunga maziwa, hata umvute vipi. Wanachukua ngozi ya yule ndama, wanaijaza nyasi, wanaiweka karibu yake ainuse, halafu mama anachuchumaa na kibuyu anaanza kumwimbia. Na wimbo huo hauna biti. Unaimba mstari mmoja, chini, halafu unanyamaza. Unamsikiliza anavyopumua. Akitulia ndipo unaleta mwingine, na huleti wote, unaanzia chini yake unapanda kidogo. Ukiharakisha anapiga teke. Ukipaza sauti anapiga teke. Mimi nilipata alama hapa gotini kwa sababu ya kupaza sauti nikiwa mdogo.

Nikaolewa huku juu, nikabatizwa, nikaipenda kwaya kuliko kitu chochote nilichokuta Tlawi. Siku ya kwanza ya mazoezi niliimba kwa namna niliyoijua. Mwalimu wa kwaya wa wakati ule, Mungu amrehemu, alinyoosha mkono akatunyamazisha wote, akasema, "Wewe mama mgeni, hapa hatuchungi ng'ombe." Watu walicheka. Hata mimi nilicheka, ndiyo namna ya mgeni. Kisha nilikuwa ninakwenda shambani, nikipalilia ninajipiga pajani, moja mbili tatu nne, ninaimba nyimbo za kanisa mpaka ule uvivu wa nyumbani ukatoka sautini. Niliuita uvivu. Nikawa mwimbaji mzuri, nikawa msaidizi wa mwalimu, halafu nikawa mwalimu, na nikausahau wimbo wa mama yangu. Nilijitahidi sana kuusahau.

Kwa hiyo uliponiletea yule mama wa Japani, nadhani kuna kitu ndani yangu kilimtambua, ndiyo maana nilikasirika. Mtu hakasirikii kelele namna ile.

Halafu ikaja ile Desemba ya Katesh, mlima uliposhuka na matope na mawe juu ya watu. Bibi yako alikuwa anakaa kwa mjomba wako pale Jorodom. Mjomba alimtoa, wakapona, wenzao wengi hawakupona. Lakini zizi lilikwenda, na ndani yake yule ng'ombe mwekundu, wa ukoo wa ng'ombe ambao bibi alipewa na mama yake. Wakamleta hapa. Unakumbuka alivyokuwa. Alikaa ameelekea ukuta, haongei, chai inapoa mbele yake, macho makavu kabisa. Sikuwahi kuogopa kama siku zile. Niliona mama yangu anaondoka huku amekaa.

Nikaleta kwaya yangu. Ndicho nilichokuwa nacho. Tulisimama uani, sauti zote nne, tukamwimbia nyimbo za faraja kwa nguvu zetu zote, na Theodora akaongoza vizuri sana. Bibi akajifunika shuka kichwani. Wanakwaya wakanywa chai wakaondoka kwa heshima, na mimi nikabaki nimesimama pale na mwiko mkononi.

Siku moja baadaye ulikuwa nje unaosha vyombo. Ulidhani nimekwenda shambani. Ukaanza kuimba ule wimbo wa nguo, bila maneno, kwa koo tu. Hakukuwa na biti wala kinanda, ni maji na masufuria. Ulikuwa unaimba kidogo, unaacha, unasugua, halafu unaingia tena pale unapojisikia. Mimi nilikuwa ninatokea nyuma ya nyumba na nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo nikukemee, kwamba mgonjwa amelala. Ndipo bibi akasema kutoka ndani, kwa lugha yetu ya kule chini, sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa siku nyingi:

"Nani huyo anakamua?"

Nikaingia ndani mbio. Nikamwambia hakuna anayekamua, mama, ni Resti anaosha vyombo. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Akanitazama kama ananionea huruma, akasema, "Huyo anamwimbia ng'ombe aliyefiwa. Mwambie asiharakishe. Anakaribia kuachia."

Na wewe hukujua kitu, uliendelea. Na yeye akalia. Alilia muda mrefu, akamtaja yule ng'ombe kwa jina lake na kwa jina la mama wa yule ng'ombe, akawataja majirani wa Jorodom, akalia kwa kila mmoja. Alipomaliza akaomba uji. Mimi nilitoka nyuma ya nyumba nikalia na mimi, nikajifuta macho kwa mikono ya vitunguu saumu, nikaanza kulia upya kwa sababu ya vitunguu.

Kisha nikaja kwako pale kwenye vyombo. Nilikuwa na maneno mengi. Unakumbuka nilichokwambia? Nilikwambia sufuria bado ina masizi.

Hilo ndilo kosa langu kubwa, mwanangu, kuliko hata lile la Arusha. Arusha nilikuwa sijui. Siku ile nilikuwa ninajua, na nikanyamaza. Niliona haya. Ningekwambia bibi alichosema, ingebidi niseme pia kwamba mimi ndiye niliyeutupa wimbo ule, na kwamba ulipita Japani ukarudi nyumbani kwangu kwa mlango mwingine, nami nikaupiga kwa mwiko.

Sasa swali lako. Unauliza ninamsikia nani kwa sababu unaogopa kwamba unaiga. Unaogopa walimu wa chuo watasema msichana wa Mbulu anajifanya Mjapani. Wanaweza kusema, siwezi kukudanganya. Lakini kuna jambo Mwalimu Keiko alinieleza bombani ambalo sikulijali wakati ule. Alisema yule mwimbaji alipokuwa kijana alikuwa anasikiliza sahani za santuri za watu weusi wa Amerika, wale wanaoimba kanisani kwao mpaka mtu anadondoka, na aliziiga pumzi kwa pumzi. Nikasema, kumbe na yeye ni mwigaji tu. Mwalimu Keiko akasema, "Alianza kwa kuiga, Mama Resti. Aliiga mpaka kuiga kukamwishia." Akasema kilichobaki baada ya hapo ni ule mtetemo wa mwisho wa neno, na huo hakuupata Amerika. Ni wa wazee wa vijijini kwao, wanaoimba wakipanda mpunga.

Kwa hiyo nikisikiliza vizuri, ndiyo, ninamsikia yule mama wa Japani. Nyuma yake kwa mbali ninawasikia wale aliowasikia yeye, na wao wazee wao walitoka huku huku kwetu, sijui boma gani. Ninamsikia bibi yako na kibuyu. Ninamsikia na msichana mmoja mwenye alama gotini ambaye nilidhani amekwisha kufa. Hao wote wamo, na usione haya kwa ajili yao.

Halafu kuna mahali ambapo hao wote wananyamaza. Ni pale karibu na mwisho. Yule wa Japani akifika pale anapanda juu na kuwa mwembamba. Wewe hupandi. Wewe unashuka kifuani, unafunga mdomo, unalishika lile "mm" kama mtu anayetaka kusema jambo na bado analipima, na ukifungua mdomo neno linatoka zima. Hilo hukulitoa kwenye simu. Bibi yako haimbi hivyo. Mimi siimbi hivyo. Mara ya kwanza nilipolisikia niligonga meza kwa hasira, kwa sababu sikuwa na mtu wa kumlaumu. Lilikuwa lako peke yako.

Ninakusikia wewe, Resti. Hilo ndilo jibu langu, na nilikuwa nalo tangu Jumapili.

Sijui Ijumaa itakwendaje. Biti uijue, usiidharau. Hata mkamuaji anajua saa ya kukamua. Kama watakwambia uingie kwenye biti, ingia, ni walimu wako. Lakini ule wimbo mmoja wa kwanza, kabla hawajakuambia lolote, nakuomba usiuimbe kwa sauti yangu. Ukirudi kwa sababu hawakuipenda ya kwako, vitunguu vipo, kitanda kipo, na sitasema neno. Ila ukipokelewa kwa ile ya nyuma ya zizi, utakaa miaka huko ukiwa umetikisa midomo, na safari hii hata Theodora hatakuwepo wa kumpa sifa.

Jana nilikwenda kwa Theodora. Nilimwambia kwamba nilimkosea na kwamba Jumapili, mbele ya kwaya, nitasema ule ubeti ni wa nani. Alikuwa anapepeta maharage, hakuacha. Akasema, "Mama mwalimu, Resti alikuja kuniambia samahani wiki ile ile tuliyotoka Arusha. Nilikuwa ninakungoja wewe." Nikasimama pale nimeinama kama mtoto wa shule. Mwanangu amenitangulia kwa miaka, na sikujua. Akanipa maharage nikuletee, yako kwenye mfuko wa bluu.

Bibi yako ameniambia sasa hivi niache kuandika, ukungu umefika. Anasema kesho anataka maziwa ya kwanza kabisa, kabla hayajachujwa, akubariki kwa namna ya kwao. Baba yako naye atasali kwa namna yetu, na unajua sala zake za safari, anaanzia Mwanzo. Vumilia.

Barua hii nitaiweka chini ya mto wako, uisome kabla hujalala, ili kesho ujue kinachokuja. Maana baba yako akisema Amina, mimi nitaanzisha wimbo. Ni ule wa ng'ombe aliyefiwa. Nimemwomba bibi anikumbushe, na mchana huu tumeuimba hapa jikoni, sauti yangu imekataa mara nyingi kabla ya kukubali. Nitaimba mstari mmoja halafu nitanyamaza, unaofuata nikuachie wewe. Baba yako atadhani nimesahau. Gari litapiga honi kule barabarani. Mwiko nitauacha jikoni, na mikono yangu nitaifunga kwenye kitenge.

Usiingie kwa ajili yangu. Chelewa utakavyo, mwanangu. Nitakungoja.

Mama yako